Waliobaki Kazini: Viwanda vya Jinja na Chumba cha Upasuaji cha Mbale

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la Owen Falls mjini Jinja, pale Mto Nile unapoagana na Ziwa Viktoria. Bodi ya Umeme ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1948 na kuongozwa na Sir Charles Westlake, ilikuwa imewaahidi watu kwamba umeme utavuta viwanda, na kweli vilikuja. Kampuni ya Calico Printers ya Manchester ilishirikiana na Shirika la Maendeleo la Uganda kuanzisha kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho Afrika Mashariki nzima ilikijua kwa jina la Nytil. Mwaka 1956 kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyosafirishwa kwa reli kutoka migodi ya Kilembe, upande wa pili wa nchi. Ng'ambo ya mto, Njeru, pombe ilikuwa tayari inatengenezwa. Na kilomita chache mashariki, Kakira, Muljibhai Madhvani alikuwa akisaga miwa tangu mwaka 1930.

Mji ulikua kwa kasi, na wasomi wakaja kuutazama. Cyril na Rhona Sofer walichapisha utafiti wao kuhusu Jinja mwaka 1955. Miaka mitano baadaye Walter Elkan, mchumi aliyefanya kazi Makerere, alitoa kitabu kuhusu wafanyakazi wa mijini nchini Uganda. Mambo waliyoyaeleza, wazee waliowahi kuishi katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba wangeyatambua bila kufungua kitabu. Juu kabisa alikaa Mzungu, meneja au injinia. Katikati walikuwa Wahindi: makarani, mafundi, wasimamizi wa zamu. Chini walikuwa Waafrika waliobeba, waliofagia, na waliosimama mbele ya mashine moja mwaka baada ya mwaka. Mishahara ilifuata ngazi hiyo hiyo, na nyumba pia.

Elkan aliona jambo lililowasumbua waajiri wengi: wafanyakazi walikuja na kuondoka. Mtu alitoka kijijini, akafanya kazi miezi kadhaa au mwaka mmoja au miwili, kisha akarudi kwenye shamba lake ambalo mke na ndugu walikuwa wakilitunza. Shamba lilikuwa akiba yake, pensheni yake na mahali pake pa kuzikwa, kwa hiyo kuliacha kabisa kwa ajili ya mshahara wa mjini kungekuwa upumbavu. Mwajiri naye alitazama watu wakipita, akaona hakuna faida ya kumfundisha mtu atakayeondoka kesho.

Kwangu mimi, hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Aliyejua kwamba hatapandishwa kamwe hadi kuwa msimamizi alikuwa na sababu moja zaidi ya kurudi nyumbani, na kila aliyeondoka alimpa meneja sababu moja zaidi ya kutomfundisha anayefuata. Mzunguko huo uliwezesha viwanda kufanya kazi vizuri kwa miaka mingi huku vikijenga udhaifu ambao hakuna hesabu ya mwisho wa mwaka ingeweza kuuonyesha. Kazi yenyewe, yaani kujua mashine hii inalishwa vipi na ile inafungwa vipi, ilikuwa mikononi mwa Waafrika. Ujuzi wa kuiona kazi nzima ulikuwa vichwani mwa watu wachache sana: pamba inaagizwa lini, vipuri vinatoka wapi, benki itasubiri hadi siku gani, nani ahamishwe zamu ya usiku. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 milango ilianza kufunguka, na Waganda waliosoma waliingia ofisini. Ufunguzi huo ulikuwa wa taratibu, na muda waliodhani wanao haukuwapo.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na wakapewa siku tisini. Manubhai Madhvani, aliyekuwa akiongoza biashara za familia baada ya kaka yake Jayant kufariki mwaka 1971, alitiwa gerezani kwa muda kabla ya kuondoka nchini. Makumi ya maelfu ya watu walipanda ndege na treni, wengi wakiwa na sanduku moja tu. Maduka na viwanda vikagawiwa maafisa wa jeshi na watu waliokuwa karibu na utawala, wale ambao mitaani waliitwa mafuta mingi.

Kilichotokea Jinja baada ya hapo husimuliwa mara nyingi kana kwamba Waafrika hawakuweza kuendesha mashine. Simulizi hiyo si ya haki. Wanaume na wanawake waliobaki waliendelea kuja kazini na kuzungusha vyuma kwa miaka, wakichonga vipuri vyao wenyewe pale vya kununua vilipokosekana. Fedha za kigeni zilikwisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya 1979 vilivyomwangusha Amin vikapita. Hata meneja hodari angeshindwa katika hali hiyo. Hata hivyo, swali la nani alikuwa ameandaliwa kuongoza linabaki. Wale waliogawiwa viwanda hawakuwa wameijua kazi, na wale walioijua hawakuwa wamewahi kuruhusiwa kuamua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ya Uganda ilikuwa karibu imekwisha kabisa, katika nchi iliyokuwa ikiuza ziada nje. Familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985 ikakuta mitambo iliyochakaa na mashamba yaliyorudi kuwa pori, na ufufuaji ukaanza karibu kutoka sifuri.

Mbale, iliyo mashariki zaidi chini ya ukuta wa mwamba wa Wanale, ina historia yake ya kugombea uongozi. Mji wenyewe ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuja na wasaidizi wake na kuwaweka kuwa wakubwa juu ya wenyeji, Wagisu. Wagisu hawakulisahau hilo. Mwaka ule ule wa 1954 bwawa lilipozinduliwa Jinja, wakulima wa kahawa ya arabika wa miteremko ya Mlima Masaba, ambao ramani zinauita Elgon, walisajili Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu. Kwa miongo mingi walivutana na serikali juu ya nani aamue bei, nani ashike hesabu na nani amwajiri meneja. Mara kadhaa walinyang'anywa chama chao, mara kadhaa wakakirudisha. Mwanasosholojia Stephen Bunker aliandika kitabu kizima juu ya mvutano huo. Msomaji wa Mbale hahitaji kuambiwa kwamba kufanya kazi na kuongoza kazi ni haki mbili tofauti.

Katika mji huo, mwaka 2000, alifika daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani aitwaye Benjamin Warf, pamoja na mkewe na watoto wao sita. Alikuwa ameacha kazi nzuri katika Chuo Kikuu cha Kentucky. Shirika la Kikristo la CURE International, ambalo Scott Harrison alilianzisha mwaka 1996, lilikuwa likijenga Mbale hospitali ya watoto wenye magonjwa ya ubongo na uti wa mgongo. Hospitali hiyo, CURE Children's Hospital of Uganda, ilianza kazi mwaka 2001, na Warf akawa mkurugenzi wake wa tiba.

Wagonjwa walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa. Walikuja kutoka Busoga na Teso, Karamoja na Lango, wengine wakivuka mpaka kutoka Kenya, mama akiwa amembeba mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa kikikua bila kukoma. Kijijini waliambiwa ni laana, au ni kosa la mama. Ugonjwa wenyewe unaeleweka. Ndani ya ubongo mna vyumba ambamo maji hutengenezwa kila siku, kwa mtu mzima takriban nusu lita, kisha hutiririka nje na kufyonzwa. Njia ikizibika, maji hujaa, na kwa kuwa fuvu la mtoto mchanga bado halijaunga, kichwa hupanuka na ubongo hubanwa.

Tiba ya kawaida duniani ilikuwa mrija unaoingizwa kichwani na kupitishwa chini ya ngozi hadi tumboni, maji yashukie huko. Hospitali ilianza kwa mirija, na mapema ikakabili swali la bei. Mrija wa Codman wa Marekani ulikuwa karibu dola 650, ule wa Chhabra wa India dola 35 hivi. Madaktari wa Mbale waliilinganisha aina hizo mbili kwa watoto 195, na baada ya mwaka mmoja matokeo hayakuwa na tofauti ya maana. Ulikuwa utafiti mdogo wenye athari kubwa, na naona ulionyesha mapema tabia ya hospitali ile: kupima jambo, kuliandika, na kuacha hesabu iamue badala ya heshima ya mtu.

Lakini hata mrija wa bei nafuu huziba. Katika nchi tajiri karibu nusu ya mirija huharibika ndani ya miaka miwili, na mtoto hukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa Kaabong au Bukwo, ambaye hospitali iko siku nzima au mbili kwa matatu na bodaboda, mrija ukiziba usiku ni hukumu ya kifo. Warf alitafuta njia ya kuwaondolea watoto utegemezi huo. Ilikuwapo njia ya zamani: kutoboa tundu katika sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo kwa kutumia kamera nyembamba, maji yapate njia mpya. Daktari William Mixter aliijaribu Boston mwaka 1923. Tatizo ni kwamba kwa watoto wachanga mara nyingi tundu pekee halikutosha. Warf akaongeza hatua ya pili, akitumia kamera inayopindika ili kufikia tishu inayotengeneza maji na kuichoma, kiasi cha maji kipungue. Wazo la kuondoa tishu hiyo lilikuwa la daktari Walter Dandy tangu 1918, na lilikuwa limeachwa. Kuunganisha mambo hayo mawili kwa mtoto wa miezi mitatu, kwa mamia ya watoto, kulifanyika Mbale.

Mwaka 2005 matokeo yalichapishwa. Kati ya Juni 2001 na Desemba 2004 watoto 550 walikuwa wamefanyiwa upasuaji kwa kamera. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tundu pekee lilifaulu kwa asilimia 47, tundu pamoja na kuchoma tishu kwa asilimia 66. Kwa njia hiyo ya pili, watoto wawili kati ya watatu waliweza kurudi nyumbani bila mrija.

Hesabu kama hizo humsifu daktari mmoja, na mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur kwa haki kabisa. Mimi ninavutwa zaidi na watu ambao hesabu hizo haziwataji. Mtoto wa kilo nne akilazwa mezani hupoteza joto haraka, kwa hiyo lazima mtu fulani amlinde na baridi. Mtaalamu wa nusukaputi hupima dawa kwa vipimo vidogo mno. Muuguzi wa thieta humkabidhi daktari chombo kabla hajakiomba, kwa sababu ameshaona upasuaji ule mara mia. Kamera ni ghali na dhaifu, na lazima ioshwe na kutayarishwa upya kabla ya mtoto anayefuata. Mtu mwingine huandika jina la kijiji, jina la baba, njia ya kumpata mama tena, kwani bila kumpata mama tena hakuna anayejua kama upasuaji ulifaulu. Asilimia 66 ile isingepatikana kama mtu wa kuandika kijiji angekuwa mvivu. Waliofanya kazi hizo walikuwa Waganda, wengi wa mashariki, na walijifunza mle ndani, siku kwa siku, katika hospitali ambayo karibu kila kitu ilichokifanya kilikuwa kipya kwa nchi.

Kulikuwa na kikosi kingine nje ya kuta. Kwa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, kufunga mgongo ni mwanzo tu. Baadaye kuna mkojo, vidonda, miguu, shule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watoto hao kwa miaka na kugundua kwamba waliotoka katika wilaya zenye huduma za urekebishaji katika jamii waliishi kwa kiwango kilichokaribia kile cha watoto wengine wa rika lao. Wasio na huduma hizo walikufa zaidi, ingawa walikuwa wamepasuliwa na mikono ile ile. Mfanyakazi wa kijijini anayemfundisha mama kumtoa mtoto mkojo kwa mrija safi alikuwa sehemu ya upasuaji, awe alijua au hakujua.

Mwaka 2006 Warf aliondoka Mbale, na baadaye akafanya kazi Boston katika hospitali ya watoto inayoshirikiana na Harvard. Kwa aliyeijua historia ya Jinja, huo ndio mwaka wa kuutazama kwa makini. Mtaalamu mgeni, mwenye ujuzi uliokuwa adimu nchini, amepanda ndege. Je, mashine itasimama?

Haikusimama. Dk. John Mugamba, daktari wa upasuaji Mganda aliyefundishwa na Warf hapo hapo Mbale, alichukua uongozi wa tiba. Hakuanza kujifunza siku ya makabidhiano. Kwa miaka alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ile ile, kisha upande wa kwanza, akikata mwenyewe huku mwalimu akitazama. Baada yake wakaja wengine, akiwemo Peter Ssenyonga, na upande wa utafiti Edith Mbabazi.

Mwaka 2010 Warf, Mugamba na Abhaya Kulkarni wa Toronto walichapisha kitu kinachoonekana kidogo: kipimo cha alama cha kutabiri kama upasuaji wa kamera utamfaa mtoto fulani. Kinazingatia umri wa mtoto, chanzo cha ugonjwa, na kiasi cha tishu kilichochomwa. Kipimo hicho kina uzito mkubwa katika historia hii. Kila fundi mkuu ana hisia ya kazi aliyoipata kwa miaka: anamtazama mtoto na kusema, huyu mpe mrija, yule tumia kamera. Hisia hiyo ikibaki kwake, anaondoka nayo. Ikiandikwa na kupimwa, daktari kijana wa zamu ya Jumapili anaweza kuamua vizuri bila kumpigia mtu simu. Mameneja wa Jinja wa miaka ya 1960 walikuwa na hisia za namna hiyo kuhusu pamba, miwa na benki, na nyingi ziliondoka nao uwanja wa ndege wa Entebbe.

Ujuzi ukaanza kusafiri. Madaktari kutoka nchi nyingine za Afrika na hata Asia walikuja Mbale kujifunza, na CURE iliwafundisha na kuwapa vifaa vya kurudi navyo. Madaktari wa Marekani nao wakaanza kutumia njia ya Mbale, na mwaka 2014 matokeo ya watoto wa Amerika Kaskazini yalichapishwa. Mwelekeo wa zamani, wa ujuzi kutoka nchi tajiri kwenda Afrika, ulikuwa umegeuka, na sijaona ushahidi bora kwamba timu ya Mbale ilikuwa imekomaa.

Ushahidi mwingine ulikuja mwaka 2017. Jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita, ambao ugonjwa wao ulitokana na maambukizi. Kwa kura, 51 walipewa upasuaji wa kamera na 49 mrija. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti kubwa katika ukuaji wa akili kati ya makundi hayo mawili. Jaribio la namna hiyo ni kazi ngumu kuliko upasuaji wenyewe: watoto wale wale warudi kwa wakati uliopangwa, wapimwe kwa njia ile ile, karatasi zisipotee, na yeyote asishawishike kumhamisha mtoto anayempenda kwenda kundi analoliamini. Liliendeshwa Mbale miaka mingi baada ya mgeni kuondoka, na majina ya Waganda yalikuwa katika orodha ya waandishi.

Huku nyuma lilibaki swali ambalo hospitali ililiona tangu mwanzo. Katika watoto 300 wa kwanza walioelezwa, asilimia 60 waliugua baada ya maambukizi, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa nini? Daktari Steven Schiff, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Penn State, alishirikiana na Mbale kwa miaka kulitafuta jibu, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa huongezeka na kupungua kulingana na mvua. Mwaka 2020 waligundua katika maji ya ubongo ya watoto wengi bakteria wa jamii ya Paenibacillus, na aina waliyoikuza maabara wakaipa jina Mbale.

Ugunduzi huo unahamisha kazi kutoka thieta kwenda wodi ya wazazi na kwenye nyumba ambamo mtoto analala wiki zake za kwanza. Kumzuia bakteria asimfikie mtoto wa Kamuli au Bududa kunahitaji wakunga, wahudumu wa afya wa vijiji, watu wa maabara na mama wenyewe, watu ambao hawajawahi kukaa meza moja na daktari wa ubongo. Timu hiyo bado inaundwa.